Swali la Digrii Arobaini

Kitengela, Jumapili, saa tisa alasiri

Naserian mwanangu,

Wewe na baba yako mmeenda Mashuuru kumuaga koko wako, mama yake, nami nimebaki nikisema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu niandike haya kabla hamjarudi, kwa sababu kesho alfajiri utapanda basi kwenda chuo cha ualimu, na kuna jambo sitaki uondoke bila kulijua.

Mambo ya blanketi, ndoo na kufuli ya sanduku sitayagusa. Shangazi yako amekuandikia karatasi nzima, mbele na nyuma, na hajasahau hata pini za nguo.

Ninaandika kwa sababu ya swali lako la Alhamisi. Tulikuwa tunakunja nguo zako kitandani. Uliuliza polepole, bila kuniangalia, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mama, ukikosea mbele ya darasa unafanyaje?"

Nikajibu haraka: "Jitayarishe vizuri, hutakosea."

Ukakunja sweta, ukailaza juu ya zingine, kisha ukasema, "Sawa, Mwalimu."

Hukusema kwa hasira. Lakini tangu utoke shule ya msingi hujawahi kuniita Mwalimu ndani ya nyumba hii. Hapo nikajua unachouliza, na nikajua kwamba hukusahau. Mimi pia sijasahau. Nitasimulia yote tangu mwanzo, hata sehemu unazozijua vizuri kuliko mimi, kwa sababu ile usiyoijua iko katikati.

Mwaka ule mwalimu wa hisabati alihamishwa Loitokitok ghafla, na mwalimu mkuu akanipa mimi darasa la sita. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na dini. Nilipaswa kumwambia ukweli: kwamba hisabati ilinitesa tangu nikiwa mtoto kule Ukambani, na kwamba mtihani wangu niliupita kwa kukariri. Kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni digrii mia moja na themanini, hilo nililijua kama ninavyojua sala ya Baba Yetu. Lakini kama ungeniuliza kwa nini, ningekohoa. Sikumwambia chochote. Nilisema, "Sawa, nitajaribu," na kuanzia siku hiyo nikawa naingia darasani nimebeba kitabu cha majibu ndani ya kitabu cha kufundishia.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, unakaa safu ya pili, karibu na dirisha. Na wiki ile, kabla ya siku yenyewe, kulikuwa na jambo lingine ambalo sikukuambia. Mzazi mmoja alikuwa amekuja ofisini akalalamika kwamba ninampa mtoto wangu maksi za bure. Mwalimu mkuu aliniita, akanieleza kwa upole. Upole wake uliniuma kuliko kama angenigombeza. Nilitoka pale nimeapa kwamba hakuna atakayesema hivyo tena.

Siku ya pili yake niliandika swali ubaoni. Najua unalikumbuka neno kwa neno: pembetatu ina pande mbili zilizo sawa, na pembe yake moja ni digrii arobaini. Tafuta pembe zile nyingine mbili.

Kitabu changu kilikuwa na jibu moja. Toa arobaini kutoka mia na themanini, unabaki na mia na arobaini. Gawa kwa mbili, kila pembe ni sabini. Darasa zima liliandika sabini na sabini. Nikapita nikiweka alama ya vema, dawati baada ya dawati, nimefurahi kwamba somo linaenda salama. Nikafika kwako.

Ulikuwa umeandika sabini na sabini. Chini yake ukaandika "au", kisha arobaini na mia moja.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni majibu mawili, Mwalimu."

"Swali moja lina jibu moja. Futa hilo la pili."

"Lakini swali halijasema arobaini iko wapi. Inaweza kuwa ile ya juu, katikati ya pande zile mbili. Ama inaweza kuwa moja ya zile za chini."

Uliongea kwa heshima. Nataka ulijue hilo, kwa sababu baadaye niliwaambia watu kwamba ulinijibu vibaya. Hukunijibu vibaya. Wenzako walikuwa wamegeuka wanatuangalia, wengine wanatabasamu, na mimi nikasikia tena sauti ya mwalimu mkuu ofisini. Nilifikiri: nikisema huyu amepata, watasema mama amembeba. Na chini ya fikira hiyo kulikuwa na nyingine ya aibu zaidi: sikuwa nimeelewa unasema nini. Darasa zima lilikuwa linangoja, na mwalimu wao hakuelewa.

Nikaweka alama ya kosa kubwa, kalamu ikatoboa karatasi. Nikakuambia utoke nje usimame ukutani mpaka utakapopata jibu sahihi.

Ulichukua daftari lako ukatoka. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua tayari limeanza kuuma.

Wakati wa mapumziko nilikuja. Ulikuwa umesimama palepale, umeweka daftari juu ya kichwa kukinga jua.

"Umepata jibu?"

"Ni yaleyale, Mwalimu."

"Basi endelea kusimama."

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo ile sehemu usiyoijua inapoanzia.

Nilienda ofisi ya walimu nikamiminiwa chai. Walimu wengine walikuwa wanazungumzia mvua. Mimi nilichukua kipande cha karatasi, na chini ya meza, juu ya goti langu, nikachora pembetatu yako. Pande mbili sawa. Nikaweka arobaini chini upande wa kushoto. Kwa kuwa pande ziko sawa, na pembe ya kulia lazima iwe arobaini. Arobaini na arobaini, themanini. Inabaki mia moja pale juu. Nikajumlisha mara ya pili, nikajumlisha mara ya tatu. Mia na themanini.

Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Nilijua, Naserian. Nilijua kwamba umejibu vizuri kuliko kitabu, nikiwa nimeketi hatua thelathini kutoka pale ukutani uliposimama. Ningeinuka. Ningekuja nikuambie, "Ingia darasani." Wala isingehitaji maneno mengi.

Sikuinuka. Nilimaliza chai. Nikaikunja ile karatasi ndogo sana, nikaitia mfukoni. Kengele ilipolia nilikuwa na somo la darasa la nne, na njia ya kwenda darasa la nne inapita mbele ya ukuta ule. Nilipita. Niliangalia mbele. Niliona kivuli chako chini, na nikakikwepa nisikikanyage.

Nimefundisha miaka mingi na nimefanya makosa mengi ubaoni, na karibu yote nimeyasahau. Dakika zile sijaweza kuzisahau. Kabla ya ile chai nilikuwa mwalimu asiyejua. Baada yake nilikuwa mama anayejua, na anapita.

Nilipotoka darasa la nne hukuwepo ukutani.

Kwanza nilifikiri umeingia darasani. Hukuwepo. Nikaangalia vyooni, nikaangalia nyuma ya tangi la maji. Nikaenda langoni kwa mlinzi, Mzee Kasaine.

"Takwenya, Mwalimu," akanisalimia.

Hata sikuitikia. "Umemwona Naserian?"

"Ametoka kitambo. Ako na daftari. Alisema wewe ndio umemtuma kwa baba yake."

"Na ukamwachilia?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Si ni mtoto wa mwalimu? Kwani huyo hudanganya?"

Kweli, mpaka siku hiyo hukuwa umedanganya. Nikatoka mbio.

Unajua karakana ya baba yako ilipokuwa wakati ule, ng'ambo ya barabara ya Namanga, pale malori ya saruji yanapopita bila kupunguza mwendo. Tulikuwa tumekukataza kuvuka peke yako. Nilikimbia nikiwa nimevaa viatu vya kazi, nikavivua, nikakimbia na soksi. Nilipofika karibu na barabara nikaona lori limesimama upande, matairi yameacha mistari myeusi kwenye lami, na watu wamezunguka kitu chini. Watu wa bodaboda walikuwa wanakimbilia pale kutoka pande zote.

Nilitembea hatua zile za mwisho kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nikamshika kijana mmoja bega, nikamuuliza, "Ni mtoto? Ni msichana?" Hakunisikia. Nikamtikisa. "Ni msichana?"

"Ni punda, mama," akasema. "Ni punda tu. Keti chini, mama, utaanguka."

Niliketi palepale kwenye changarawe. Kuna mwanamke alininywesha maji. Nilimwahidi Mungu mambo mengi pale chini. Nilisema nikikupata mzima nitakuambia ukweli mbele ya dunia nzima. Nilisema kwa sauti, yule mwanamke alinisikia.

Halafu nikavuka barabara, nikakupata mzima, na sikutimiza hata moja.

Ulikuwa umechuchumaa kando ya meza ya vyuma, protrakta yako mkononi. Baba yako alikuwa amezima mashine ya kuchomelea, ameinua miwani yake juu ya paji la uso. Mbele yenu kulikuwa na pembetatu mbili za nondo, bado zina joto. Kulikuwa na wateja wawili waliokuja kuona geti lao, nao wameinama kutazama.

Baba yako alifurahi kuniona. Hakujua lolote kuhusu ukuta, hukuwa umemwambia. Ulimwambia tu kwamba unataka kupima kitu.

"Mwalimu, kuja uone," akasema. "Huyu mtoto ameniletea kazi. Hii nondo mbili ziko sawa, tumezikutanisha na arobaini hapa juu. Imefunga. Hii ingine, mbili ziko sawa pia, lakini arobaini tumeiweka huku chini. Imefunga! Naserian amepima hapa juu, ni mia moja. Kumbe hiyo swali iko na majibu mawili."

Ukainua macho ukaniangalia. Ule uso nimeuona mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa nafua, nikiwa kanisani. Haukuwa uso wa mtoto anayetaka kumshinda mama yake. Ulikuwa unaningoja niingie kwenye furaha yenu.

Na mimi, niliyekuwa nimetoka kuketi kwenye changarawe nikikulilia, nikasikia wateja wale wakicheka kidogo, na hofu yote ikageuka hasira. Nikamwambia baba yako maneno haya: "Wewe uliyeachia darasa la sita ukaenda kuchunga ng'ombe, leo ndio utanifundisha mimi hesabu?"

Wewe unajua, kwa sababu koko wako amekusimulia, kwamba baba yako alitolewa shuleni na ukame. Baba yake alihama na mifugo na yeye ndiye aliyekuwa na miguu ya kutembea. Alililia shule hiyo. Nilimwambia maneno yale nikijua hayo yote.

Alishusha miwani, akaziokota zile pembetatu mbili kwa koleo, akazitupa kwenye rundo la vyuma chakavu. Nikakushika mkono nikakuvuta mpaka shuleni. Njia nzima nilisema mengi, kuhusu barabara, kuhusu utiifu, kuhusu watoto wanaotoroka. Yote kweli. Niliyasema yale ya kweli ili nisilazimike kusema lile moja.

Jioni nililiona daftari lako mezani. Ulikuwa umefuta "au", ukafuta arobaini, ukafuta mia moja. Unga wa raba ulikuwa bado umelala kwenye mkunjo wa karatasi. Ilibaki sabini na sabini, na shimo la kalamu yangu.

Kesho yake nilikuwa na nafasi ya mwisho. Nilisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, wote wananitazama kwa sababu walijua umetoroka na umerudishwa. Wewe ulikuwa unaangalia dawati. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Fungueni ukurasa unaofuata."

Baada ya hapo walimu wote walikusifu. Mtoto mtulivu, walisema, mtoto hana maneno. Ulipokuwa kidato cha pili nilikusikia ukifanya kazi ya nyumbani na rafiki yako. Yeye alisema, "Mimi naona jibu ni hili," nawe ukamwambia, "Usiandike unavyoona. Tafuta mwalimu anataka gani." Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilizima moto nikasimama tu. Hayo maneno mimi ndiye niliyekufundisha, siku moja, kwa saa chache, kando ya ukuta.

Na kuna baya zaidi. Miaka miwili baada ya siku ile niliandika swali lilelile ubaoni kwa darasa jingine. Msichana mmoja akaleta majibu mawili. Nikaliambia darasa limpigie makofi. Nilichora pembetatu zote mbili, nikaeleza vizuri, nadhani hakuna somo nimewahi kulifundisha vizuri hivyo. Nilirudi nyumbani, ukaniletea chai, ukaniuliza siku ilikuwaje. Nikasema ilikuwa njema.

Krismasi iliyopita ndipo nilipomwomba baba yako msamaha. Tulikuwa tunangoja maji yachemke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mama Naserian, mimi niliudhika wiki moja, nikamaliza," akasema. "Huyo mtoto ndio bado."

"Bado amekasirika?"

"Hapana. Bado anangoja."

Hata baada ya hapo nilikaa miezi. Niliona umekuwa mkubwa, nikajiambia mambo ya watoto huisha yenyewe. Kisha barua ya chuo ikaja, nikafurahi mbele ya majirani, na usingizi ukanipotea. Sikujua kama umechagua ualimu kwa sababu unaupenda, au kwa sababu uliona ndiyo kazi ambayo mtu haulizwi. Sijui hata leo. Nimeogopa kukuuliza.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu la Alhamisi, lililochelewa.

Utakosea. Utatayarisha somo vizuri na bado utakosea, na mara nyingine mtoto wa safu ya pili atakuwa ameona kabla yako. Mimi muhula uliopita nilikosea kujumlisha pembe mbele ya watoto arobaini na kitu. Nikasema, "Ngojeni, nimekosea. Acheni nifute." Mmoja akauliza, "Kwani mwalimu hukosea?" Nikamwambia, "Hukosea." Wakacheka, nikacheka, tukaendelea. Ilichukua muda mfupi kuliko kufuta ubao. Nilitoka darasani nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia, kwa sababu niliona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Haitakuwa rahisi kila mara. Siku nyingine mwalimu mkuu atakuwa amesimama mlangoni, au mzazi fulani atakuwa amesema maneno. Siwezi kukuahidi kwamba hutaaibika. Ninachokijua ni kwamba ukishajua umekosea, unakuwa na dakika chache tu ambazo kurudi ni jambo dogo. Mimi niliziacha zipite nikinywa chai, na zimenichukua miaka minane.

Ulikuwa umejibu sawa, Naserian. Sabini na sabini, au arobaini na mia moja. Nilijua siku ileile, kabla hujatoka langoni. Ulivuka ile barabara peke yako kutafuta mtu wa kukuamini, na mtu huyo alikuwa mimi, na nilikuwa tayari nakuamini, na sikusema. Nisamehe. Kama huwezi leo, sitakuharakisha.

Saa kumi na mbili inakaribia. Nilifikiri kuiweka barua hii katikati ya nguo zako uikute chuoni, mimi nikiwa mbali. Kisha nikaona hiyo ni njia nyingine ya kupita nikiangalia mbele. Nitakupa mkononi ukiingia, na nitaketi hapa mezani mpaka umalize kuisoma. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kunikasirikia, fanya hivyo leo, nikiwa hapa.

Pikapu yenu imesimama langoni, nasikia mlango. Baba yako nimempigia simu akiwa njiani. Amesema atabaki nje akijifanya anaangalia injini mpaka tumwite. Usiwe na haraka.

Mama yako,
Mwende